Mlalamikaji Awe Nani?

Hotuba kwa wawakilishi wa wafanyakazi wanawake wa viwanda vya nguo na mashamba ya maua, Mombasa

Bi Mwenyekiti, viongozi wa vyama, mama zangu na dada zangu mliotoka Changamwe, Mazeras, Athi River na Naivasha, nawasalimu. Nawashukuru kwa kuitoa Jumapili yenu, siku pekee ya kufua na kukaa na watoto, mje tuzungumze jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa Nairobi, Brussels na Washington sisi tukiwa kazini.

Nimeombwa nieleze mikataba ya biashara ya kimataifa inavyogusa haki za wafanyakazi na haki za wanawake. Nimekuja na swali moja, na nitalirudia mpaka nikae: mkataba ukivunjwa, ni nani anaruhusiwa kulalamika, na adhabu inamwangukia nani? Nimesoma mikataba mingi yenye maneno mazuri. Mingi huniangusha hapo.

Tuanze na nguo tunazoshona. Kwa zaidi ya miaka ishirini suruali na fulana za viwanda vya EPZ, maeneo maalumu ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje, ziliingia Marekani bila ushuru kwa sababu ya sheria ya AGOA, aliyoitia saini Rais Bill Clinton tarehe 18 Mei 2000. Muda ulioongezwa mwaka 2015 ulikoma 30 Septemba 2025. Kila tarehe hiyo ilipokaribia, meneja alitukumbusha kwamba ushuru ukirudi kazi zitakwenda, kwa hiyo tusilete fujo. Kuna sehemu ya sheria hiyo hiyo ambayo hakutusomea. Ili nchi ifaidike, lazima iwe imeweka, au iwe inaendelea kuweka, ulinzi wa haki za wafanyakazi: haki ya kujiunga na chama, haki ya kujadiliana kwa pamoja na mwajiri, marufuku ya kazi ya kulazimishwa, umri wa chini wa kuajiriwa, na masharti yanayokubalika kuhusu mshahara wa chini, saa za kazi, afya na usalama. Msamaha wa ushuru ulitolewa kwa jina lako wewe pia, dada. Faida yake waligawana mwenye kiwanda na mnunuzi wa ng'ambo.

Januari 2003 wafanyakazi wa Athi River waligoma. Viwanda vilikuwa vimejaa oda, wenye viwanda wakifurahia likizo ya kodi, yaani kutotozwa kodi, ya miaka kumi ambayo sheria ya EPZ ya mwaka 1990 iliwapa, na waliogoma walikuwa wakidai mshahara, saa na chama. Mambo yale yale yaliyokwisha kuandikwa Washington. Hakuna aliyewaambia.

Sasa nataka tuiangalie laini moja ya kushona suruali, kwa sababu wanaoandika mikataba hawajapata kukaa kwenye laini. Mmoja anashona mfuko, anayemfuata anatia zipu, wa tatu kiuno, wa nne vitanzi vya mkanda. Mbele kuna ubao ambao kila saa huandikwa tageti na idadi iliyotoka. Mmoja akichelewa, fungu linarundikana kwa mwenzake, na supavaiza anakuja kumsimamia kichwani. Kwenda chooni kunaombwa. Huyo supavaiza, mara nyingi mwanamume, ndiye pia anayependekeza nani aitwe tena kandarasi ya miezi mitatu ikiisha. Mshonaji anajua orodha iko mfukoni mwa nani. Kwa hiyo siku akiambiwa "tuonane jioni, tuzungumze habari ya kandarasi yako", hana haja ya kuelezwa maana yake. Anawaza kodi ya nyumba. Anawaza karo ya mtoto. Akikataa, hakuna atakayemfukuza. Jina lake halitasomwa tu.

Kwenye laini hiyo haki ya mfanyakazi na haki ya mwanamke ni kitu kimoja. Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2007 ni nzuri, na msimruhusu mtu awaambie kwamba hatuna sheria. Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi, ukiwamo wa ujauzito, na kinadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kifungu cha 6 kinamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi awe na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kijinsia, aitoe baada ya kushauriana na wafanyakazi. Kifungu cha 29 kinatoa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Lakini weka miezi mitatu ya likizo juu ya kandarasi ya miezi mitatu, uone kinachobaki. Tumbo likianza kuonekana, kandarasi inaachwa ife. Likizo haijakataliwa, kwa kuwa hakuna wa kupewa.

Kwa hiyo tunachokosa ni nguvu ya kuitekeleza sheria iliyopo, na hapo ndipo mkataba wa biashara ungeweza kusaidia. Mkataba unaweza kuiambia serikali: umeahidi kutekeleza sheria zako za kazi, na usipofanya hivyo kuna matokeo. Swali langu linarudi. Matokeo kwa nani, na nani ayaanzishe?

Sikilizeni yaliyotokea Guatemala. Marekani na nchi za Amerika ya Kati zilikuwa na mkataba wa biashara, CAFTA-DR, wenye sura ya kazi, yaani sehemu ya ahadi kuhusu haki za wafanyakazi. Aprili 2008 vyama vya wafanyakazi vya Guatemala, pamoja na shirikisho la AFL-CIO la Marekani, vililalamika kwamba serikali yao haitekelezi sheria za kazi. Chini ya mkataba ule vyama havikuweza kufungua kesi vyenyewe. Ilibidi kuiomba serikali ya Marekani iwafungulie. Serikali ikazungumza na serikali mwenzake, ukaandikwa mpango wa utekelezaji, mpango ukasuasua. Uamuzi wa jopo la wasuluhishi ulitoka Juni 2017. Miaka tisa! Jopo lilikubali kwamba katika sehemu nane za kazi, kwa wafanyakazi 74, amri za mahakama hazikutekelezwa. Watu 74 walikuwa wameshinda mahakamani kwao na hawakupata chochote. Pamoja na hayo Marekani ilishindwa kesi, kwa sababu mkataba ulidai ithibitishwe kwamba kasoro hizo ziliendelea au kujirudia "kwa namna inayoathiri biashara", na jopo likasema hilo halikuthibitishwa.

Nimekaa na kifungu hicho kwa muda mrefu. Mfanyakazi amefukuzwa kwa kuanzisha chama, mahakama imeamuru arudishwe, mwajiri amepuuza, kisha anaulizwa: biashara kati ya nchi mbili imeathirika kiasi gani? Atajuaje? Vitabu vya hesabu viko kwa mwajiri. Mama zangu, sura ya kazi inaweza kuwa na kurasa ishirini, na mstari mmoja kama huo ukazifuta zote.

Upande wa adhabu tunao mfano wa karibu zaidi, Eswatini, wakati ule ikiitwa Swaziland. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCOSWA, lilikuwa limefutiwa usajili mwaka 2012. Marekani iliiondoa nchi hiyo kwenye AGOA kuanzia 1 Januari 2015, ikitaja haki za wafanyakazi na uhuru wa kukusanyika. Shinikizo lilifanya kazi, kwa haki ya Mungu lazima niseme hivyo: TUCOSWA ilisajiliwa mwaka huo huo wa 2015, na nchi ikarudishwa mwaka 2018. Lakini katikati hapo viwanda vya nguo vilifunga au kupunguza watu, na waliorudishwa nyumbani walikuwa wanawake. Wakubwa waliolifutia shirikisho usajili hawakukosa mlo hata mmoja. Ethiopia nayo ilitolewa kwenye AGOA tarehe 1 Januari 2022 kwa sababu ya vita vya Tigray. Katika viwanda vya Hawassa walikuwako maelfu ya wasichana waliotoka vijijini kuja kushona. Hawakuagiza vita, na gharama ilifika mlangoni kwao.

Kwa sababu hiyo siwezi kusimama hapa niwaambie kwamba kuiwekea nchi nzima vikwazo ni njia ya kumlinda mshonaji. Serikali zetu nazo zina hoja ambayo nataka tuiheshimu. Mwaka 1996, kwenye mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani uliofanyika Singapore, nchi zinazoendelea zilikataa viwango vya kazi visigeuzwe kisingizio cha nchi tajiri kuzifungia bidhaa zao. Wakaandika kwamba suala hilo ni la Shirika la Kazi Duniani, ILO. Hofu hiyo ilikuwa na sababu, na bado inayo. Ila tangu wakati huo hoja hiyo imetumika mara nyingi mno na watu ambao hawana mpango wowote wa kutekeleza hata viwango vya ILO. Mtu akisema "haki za wafanyakazi zisiingizwe kwenye biashara", muulize anataka ziingizwe wapi, na lini.

Njia nyingine ipo. Mkataba mpya wa Marekani, Mexico na Canada, ulioanza kutumika 1 Julai 2020, uliyasoma makosa ya Guatemala na kurekebisha mambo mawili. La kwanza: haki ikivunjwa, inachukuliwa kwamba biashara imeathirika mpaka anayelalamikiwa athibitishe kinyume. Mzigo umehama. La pili: uliweka utaratibu wa haraka unaolenga kiwanda kimoja kwa jina lake, na bidhaa za kiwanda hicho ndizo zinazoweza kuzuiwa mpakani. Nchi nzima haiguswi.

Kesi ya kwanza ilihusu kiwanda cha magari cha General Motors mjini Silao, Mexico. Aprili 2021 wafanyakazi walikuwa wakipiga kura kuhusu mkataba wa pamoja na mwajiri ambao chama cha zamani kilikuwa kimewafunga nao, na wizara ya kazi ya Mexico ikagundua kura zilizoharibiwa. Mei 2021 Marekani ilitumia utaratibu mpya. Agosti kura ilirudiwa mbele ya waangalizi, wakiwamo wa ILO, na wafanyakazi wakaukataa mkataba ule wa zamani. Februari 2022 walichagua chama kipya huru, SINTTIA, ambacho katibu mkuu wake ni mwanamke aliyetoka kiwandani humo humo, Alejandra Morales Reynoso. Mei 2022 walipata nyongeza ya mshahara ya asilimia 8.5. Guatemala ilikuwa miaka tisa bila kitu. Silao, kutoka malalamiko hadi nyongeza, ilikuwa mwaka mmoja.

Sikusudii kuusifia mkataba ule kupita kiasi. Umeinama upande mmoja: ni rahisi kwa Marekani kukilalamikia kiwanda cha Mexico, na ni vigumu sana kwa Mexico kukilalamikia kiwanda cha Marekani. Tena utaratibu wa haraka unalinda haki ya kuungana na kujadiliana kwa pamoja tu. Yule dada aliyeambiwa "tuonane jioni" hawezi kuutumia kwa shida yake hiyo.

Kwa shida yake inabidi twende Lesotho. Huko nako wanashona kwa ajili ya soko la Marekani, jinzi hasa. Uchunguzi uliofanywa na shirika la Worker Rights Consortium katika viwanda vya kampuni moja ya Taiwan mjini Maseru ulikuta wasimamizi wakiwalazimisha wanawake kingono ili wapate kazi au wabaki nayo. Ripoti za namna hiyo zimeandikwa nyingi duniani na kusahauliwa. Hii haikusahauliwa, kwa sababu vyama vya wafanyakazi na mashirika ya wanawake ya Lesotho yalikaa meza moja na wanunuzi wenyewe. Agosti 2019 walitia saini makubaliano yenye nguvu ya kisheria na Levi Strauss, The Children's Place na Kontoor Brands, yakihusu wafanyakazi wapatao 10,000. Kikaundwa chombo huru cha kupokea malalamiko, nje ya mikono ya mwajiri, chenye uwezo wa kuchunguza na kutoa uamuzi. Na wanunuzi wakakubali jambo ambalo ndilo moyo wa yote: kiwanda kikikataa kutii, oda zinapunguzwa.

Hebu lifikirieni hilo. Mlalamikaji ni mshonaji mwenyewe. Adhabu inamfikia mwenye kiwanda pale anapoumia, kwenye oda. Na mnunuzi ambaye miaka yote alisema "mimi si mwajiri" ameweka saini. Walioyapata hayo ni wanawake wa nchi ndogo kuliko mkoa wetu wa zamani wa Rift Valley, na hawakungoja serikali mbili ziandikiane barua.

Mtasikia pia habari za "sura ya jinsia". Ile ya kwanza ya kusimama peke yake iliwekwa na Chile na Uruguay katika mkataba wao wa mwaka 2016, na nyingine zimefuata. Nimezisoma. Zina ushirikiano, semina, kamati, kubadilishana uzoefu. Ile ya Chile na Uruguay haiingii kabisa kwenye utaratibu wa kutatua migogoro: ukiivunja, hakuna pa kwenda. Sisemi ni mbaya, lakini mtu akija kuwashawishi mshangilie mkataba kwa sababu una sura ya wanawake, muulizeni ukurasa wa malalamiko uko wapi. Eneo Huru la Biashara Barani Afrika, AfCFTA, lina itifaki ya wanawake na vijana iliyopitishwa na Umoja wa Afrika Februari 2024, na tuna haki ya kuidai itekelezwe, hasa kwa akina mama wanaovuka Lungalunga na Busia na bidhaa zao. Itifaki ya haki za wafanyakazi hakuna. Bara zima linafungua mipaka kwa bidhaa, na mikono inayozitengeneza haijaandikiwa.

Sasa turudi nyumbani, kwa wenzetu wa Naivasha. Kenya ilitia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya tarehe 18 Desemba 2023, na ukaanza kutumika 1 Julai 2024. Maua yenu yanaingia Ulaya bila ushuru kwa msingi huo. Mkataba una kiambatisho cha biashara na maendeleo endelevu, kinachozifunga pande zote mbili kuhusu mambo ya kazi na usawa wa kijinsia. Hiki si karatasi ya Chile na Uruguay; kimeandikwa kitekelezwe. Kinazungumzia mikataba ya msingi ya ILO, na hapo nawaomba mtege sikio: kwa miongo sita tangu uhuru, Kenya iliridhia mkataba nambari 98 wa kujadiliana kwa pamoja lakini haikuridhia nambari 87 wa uhuru wa kuungana. Tanzania iliuridhia mwaka 2000. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda na kujiunga na chama, kwa hiyo sijaona sababu ya maana ya kuogopa kuahidi mbele ya dunia kile ambacho Katiba imekwisha kuahidi nyumbani.

Je, mchuma maua wa Naivasha anaweza kulalamika chini ya mkataba huu? Peke yake, hapana. Malalamiko ni ya serikali kwa serikali. Lakini kuna mlango wa pembeni. Novemba 2020 Tume ya Ulaya ilifungua Brussels dirisha moja la kupokea malalamiko kuhusu mikataba yake ya biashara, pamoja na mambo ya kazi. Wanaoruhusiwa kulitumia ni watu na mashirika yaliyoko Ulaya, na shirika la Ulaya linaweza kuleta malalamiko likishirikiana na wenzao wa nchi husika. Mei 2022 shirika la wafanyakazi la Uholanzi, CNV Internationaal, lilifanya hivyo kuhusu wafanyakazi wa migodi wa Colombia na Peru. Maua yetu mengi yanapitia Uholanzi. Vyama vya huko vinatujua. Nauliza kwa nini jalada letu halijawa tayari.

Msiseme ni jambo la wanasheria. Mwanasheria hana kitu cha kuandika mpaka wewe umpe. Anahitaji kandarasi tatu za mfululizo za mtu mmoja, zenye pengo la siku chache katikati, zinazoonyesha anaajiriwa na kuachwa kwa kazi ile ile. Anahitaji karatasi za mshahara zenye ovataimu isiyolipwa. Anahitaji tarehe ambayo sera ya unyanyasaji wa kijinsia iliombwa na jibu lililotolewa, au maelezo kwamba hakukuwa na jibu. Wale 74 wa Guatemala walihesabika kwa sababu kila mmoja alikuwa na amri ya mahakama mkononi.

Na Kenya ikikaa tena na Marekani kujadili biashara, iwe ni AGOA nyingine au mkataba wa nchi mbili, tuna mambo ya kudai kabla saini haijawekwa, maana baada ya saini tutasikilizwa kwa heshima tu. Tudai utaratibu unaolenga kiwanda na mnunuzi wake, nchi isiadhibiwe kwa kosa la mmoja. Tudai chama kiweze kufungua malalamiko chenyewe. Tudai unyanyasaji wa kijinsia na ubaguzi wa wajawazito viwekwe sawa na haki ya kuungana, katika utaratibu ule ule wa haraka. Na tudai ulinzi wa anayelalamika, kwa sababu mshonaji wa kandarasi ya miezi mitatu hatasema neno ikiwa orodha bado iko mfukoni mwa supavaiza. Sheria yetu ya uridhiaji wa mikataba ya mwaka 2012 inaupeleka mkataba Bungeni, na Katiba inadai wananchi washirikishwe. Tangazo la kutoa maoni hutolewa na muda ni mfupi. Tusiwe watu wa kuanza kutafuta nakala siku ya mwisho.

Bi Mwenyekiti, nimemaliza upande wangu. Katibu ana fomu mbili pale mezani: moja ya kuandika wajumbe wa kamati ya kukusanya nyaraka, wawili kutoka kila kiwanda na kila shamba, na ya pili ni barua kwa Wizara ya Kazi kuhusu mkataba nambari 87, inayohitaji sahihi zenu na nambari za vitambulisho. Wa Naivasha waanze, kwa kuwa basi lao linaondoka saa kumi. Kisha tutasikia maswali.